Barua ya wazi kwa Bodi ya Huduma za Maktaba: tuleteeni nakala 15 za kitabu kimoja

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania,
Dar es Salaam.

Nakala: Wakurugenzi Watendaji, Halmashauri za Wilaya za Ngara na Biharamulo.

YAH: VIKUNDI VYA KUSOMA KATIKA KATA ZA NGARA NA BIHARAMULO

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Ngara, pembe ya nchi ambako mto Ruvubu unaungana na Kagera na malori ya kwenda Kigali yanapanga foleni Rusumo. Jirani zetu wa Biharamulo wana haja ileile tuliyo nayo sisi, kwa hiyo naziombea wilaya zote mbili. Siombi jengo. Naomba Bodi ituletee kitabu kimoja, nakala 15, ndani ya sanduku lenye kufuli. Kikae katika kata moja kwa miezi mitatu, kikisomwa na watu wanaokutana kila wiki, kisha sanduku lihamie kata nyingine na hapa lije jingine lenye kitabu kingine.

Najua ombi hili linapingana na desturi ya ununuzi. Maktaba yenye fedha kidogo hupenda vichwa vingi vya vitabu, kila kimoja nakala moja au mbili, ili kila anayeingia apate chake. Mwanafunzi anayekwenda maktaba ya mkoa pale Bukoba kutafuta rejea anafaidika na utaratibu huo. Lakini watu 12 hawawezi kuzungumzia kitabu ambacho mmoja wao tu ndiye aliyekisoma. Huyo mmoja atawasimulia, wenzake watasikiliza, na mambo yataishia hapo. Kikundi kinataka kila mtu awe na ukurasa mbele yake, aweze kusema "hapana, rudi nyuma, huyu mama hakusema hivyo," na aonyeshe mstari kwa kidole. Ubishi wa namna hiyo ndio unaomfanya mtu aliyemaliza darasa la saba miaka mingi iliyopita ajikute amefika ukurasa wa mia mbili bila kushurutishwa na mwalimu.

Umbali nao unajulikana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo, na tangu hapo tumeongezeka. Wengi wetu tunaishi vijijini. Mtu wa Murusagamba au Nyakahura hawezi kulipa nauli ya Bukoba kwa ajili ya riwaya, na hata kufika makao makuu ya wilaya yake ni safari ya kupangia siku. Basi kitabu ndicho kisafiri.

Kukusanyika kijijini na kusoma pamoja si jambo geni kwetu. Mwaka 1968 UNESCO na serikali yetu walianzisha Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Makao yake yalikuwa Mwanza, nao ulihudumia mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ndiyo Kagera. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao, pamba kwa wakulima wa pamba, uvuvi kwa wavuvi, migomba kwa wenye migomba. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo wazee wa huku bado wanaitaja kwa furaha. Kwa wiki 12, watu karibu milioni mbili nchi nzima walikutana katika vikundi kuzunguka redio, kila kikundi kikiwa na kijitabu chake na kiongozi aliyepewa mafunzo. Walisikiliza, wakasomewa, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyeviita vikundi vya kusoma, lakini hakuna jina lingine linalovifaa zaidi.

Kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi zilitaja kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Sensa zilizofuata hazikuukuta ushindi huo ukiwa mzima. Sababu zilikuwa nyingi, na ugumu wa uchumi wa miaka ya 1980 ulikuwa mkubwa kati ya hizo. Ipo nyingine ambayo wachache huitaja: aliyefuzu kisomo hakupata kitu cha kusoma. Mama aliyejifunza herufi akiwa na watoto watatu mgongoni na miguuni alibaki na kalenda ya ukutani, kitabu cha nyimbo za kanisani au msahafu, na risiti za chama cha ushirika. Maktaba za vijiji zilizoanzishwa kwa ajili yake zilipewa vitabu mara moja, vikachakaa, havikufuatiwa na vingine. Ndiyo maana nasisitiza sanduku linalohama. Rafu isiyopokea kitu kipya humaliza wasomaji wake.

Niruhusu nitoe mfano mmoja wa kitabu, kwa sababu unanigusa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wawili wanaopendana na kuhangaika kupata mtoto, huku maisha yote ya visiwani yakipita mbele ya msomaji: kilimo, uvuvi, dawa, ugomvi wa wakwe, karamu. Ilisubiri miaka 35. Mwandishi mwenyewe aliitia katika Kiswahili, na mwaka 1980 ikachapishwa na Tanzania Publishing House. Meneja Mkuu wa shirika hilo wakati huo alikuwa Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara, ambaye mwaka 1991 alianzisha Mkuki na Nyota. Mtoto wa wilaya yetu ndiye aliyesimamia kutolewa kwa riwaya kubwa kuliko zote zilizotoka katika ziwa letu, na mimi sijui nyumba moja ya kijijini huku ambamo unaweza kuikuta. Wazee wetu wangeibishania mwezi mzima. Wangesema dawa hii hata sisi tulikuwa nayo, desturi hii kwetu haikuwepo, mkwe wa namna hii namfahamu. Wangesoma Kiswahili na kujadili kwa Kihangaza, au kwa Kishubi, na naomba waratibu wa vikundi waelekezwe mapema kwamba hilo lisikatazwe. Kitabu kikiwa cha Kiswahili, mazungumzo yaende kwa lugha ambayo mtu hucheka nayo.

Sasa nieleze kuhusu rika. Watoto wa darasa la tatu hadi la sita hawatupi shida sana. Vitabu vyao vipo tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza mwaka 1991, na mtoto akipata hadithi yenye picha hahitaji kubembelezwa. Wanahitaji mtu mzima mmoja mwenye sauti nzuri na kivuli cha mwembe.

Vijana ndio wanaonitia wasiwasi. Aliyemaliza kidato cha nne huku amewahi kusoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, na amevisoma kwa ajili ya swali la kujadili dhamira. Siku ya mtihani wa mwisho ndiyo siku aliyoachana na riwaya. Leo yuko kwenye bodaboda Benaco, au dukani Nyakanazi, au kwenye mashimo ya dhahabu Biharamulo, ana akili inayowaka na hana pa kuipeleka jioni. Huyu apewe Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Humo kijana aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake anafuatana na msafara wa biashara kutoka pwani kuingia bara. Msomaji wa Dar es Salaam atausoma msafara ule akiwa upande wa wanaoondoka. Kijana wa Ngara atausoma akiwa upande wa wanaofikiwa, na maswali yake hayatakuwa yaleyale. Ningependa kuyasikia.

Kundi la tatu ni watu wazima, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndilo kundi ambalo mipango ya usomaji huliacha nje. Mtu akifika miaka 40 na kitu, macho huanza kukataa herufi ndogo. Mjini atanunua miwani ya kusomea. Kijijini ataweka kitabu chini na kusema kusoma ni mambo ya watoto, na watu wataamini kwamba amechoka au hapendi. Naomba kila sanduku la watu wazima liwe na jozi kadhaa za miwani ya kusomea ya nguvu tofauti, ibaki na sanduku kama mali ya kikundi. Si vifaa vya gharama kubwa, na nina hakika vitaongeza wasomaji kuliko bango lolote la kampeni. Pia wakati. Mwanamke wa huku anatoka shambani, anachota maji, anapika. Kikundi kinachokutana saa nane mchana au saa moja usiku kimeshamfungia mlango. Waulizwe wenyewe saa. Wengi watakuambia siku ya kikao cha VICOBA, vikundi vyao vya kuweka na kukopa, wakishamaliza hesabu, kabla jua halijazama.

VICOBA wananipeleka kwenye hofu ya upotevu. Mkutubi anajua kwamba kitabu kilichopotea kinaweza kurudi kama hoja ya ukaguzi yenye jina lake, na hivyo njia salama kwake ni kukifungia kabatini. Simlaumu. Lakini fikiria wanawake wa Rulenge au Lusahunga wanaolinda sanduku la fedha lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, daftari likisomwa mbele ya wote kila wiki. Watu hao hawatashindwa kulinda sanduku la vitabu. Ninachoomba kwa Bodi ni kanuni iliyoandikwa, kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kifutwe kwenye orodha bila mtu kulipishwa, na kwamba upotevu wa nakala chache kwa kila sanduku utarajiwe tangu mwanzo. Bila kanuni hiyo, kila mratibu atakuwa mlinzi wa karatasi.

Majirani wamekwisha kujaribu njia hii. Ng'ambo ya Kagera, Uganda, karibu na Masaka, ipo maktaba ya jamii ya Kitengesa. Mwaka 1999 ilikuwa sanduku la vitabu katika shule ya sekondari ya kijijini. Wasomaji walipatikana kwanza, jengo likafuata, na mwaka 2007 Uganda ilikuwa na chama cha maktaba za jamii nchi nzima. Kenya nao, tangu 1996, shirika lao la maktaba limekuwa likipeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa. Sisi tuna pikipiki kila kijiji na basi dogo linalopita Nyakanazi kila asubuhi.

Halafu tunayo redio. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, baada ya watu zaidi ya laki mbili kuvuka kutoka Rwanda kwa siku moja mwishoni mwa Aprili 1994 na kuijaza Benaco. Wakimbizi wale waliondoka, redio ilibaki. Ikipatikana idhini ya wachapishaji, kituo cha namna hiyo kinaweza kusoma sura moja kwa wiki ya kitabu kilicho ndani ya masanduku, na vikundi vya Kabanga na Runazi vikasikiliza kwa wakati mmoja, vitabu mkononi. Mtu ni Afya ilifanya hivyo bila simu hata moja ya mkononi.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, majaribio yaanze na kata sita: tatu Ngara, tatu Biharamulo. Masanduku mawili kwa kila kata, moja la watoto na jingine la vijana na watu wazima, ambao wakitaka watakutana pamoja, kwa maana yupo bibi atakayehitaji mjukuu amsomee na yupo mjukuu atakayehitaji bibi amweleze. Halmashauri zitoe usafiri wa kuhamisha masanduku na kumwagiza afisa maendeleo ya jamii wa kila kata ahudhurie kikao kimoja kwa mwezi, asikilize, aandike kurasa walizofikia. Bodi itoe vitabu, miwani, kanuni ya uchakavu, na mafunzo ya siku mbili kwa waratibu. Baada ya mwaka mmoja vikundi vyenyewe viandike ni vitabu gani viwili vinavyostahili kununuliwa kwa wingi zaidi na kipi kisirudi tena.

Mvua zikikata mwezi Juni barabara za Keza na Nyantakara zinapitika bila taabu, na mavuno ya maharage yanakuwa yameisha. Masanduku yakifika wakati huo, watu watakuwa na jioni zao. Majibu yako naomba yaje kwa maandishi kupitia ofisi za maendeleo ya jamii za wilaya hizi mbili, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, kila mmoja ayasome.

Wako,
Msomaji, Ngara