Nyota ya Bati si Aibu ya Noeli



Adventi ikifika, maneno mawili husikika pamoja katika parokia zetu nyingi. Neno la kwanza latoka altareni: tumtengenezee Bwana njia. Neno la pili latoka nje mlangoni, baada ya Misa: kila nyumba ilete mchango wa mapambo. Neno la kwanza lasahauliwa upesi. Neno la pili laandikwa katika kitabu, na majina ya wasiotoa husomwa mbele ya watu wote.

Nataka kusema juu ya neno hilo la pili, tena nitasema wazi, maana nami nina kosa langu ndani yake. Miaka kadhaa imepita. Katika parokia moja nilipokuwa nikifundisha wakatekumeni, iliamuliwa kununua mapambo ya nje: mti wa plastiki, nyuzi za taa ndogo za umeme, na nyota kubwa ya dukani ya kutundika juu ya mlango wa kanisa. Watoto wa katekisimu walikuwa wamekwisha kutengeneza nyota yao kwa mianzi na mabati ya zamani. Ikaamriwa ishushwe, isije ikaonwa na wageni. Aliyeishusha ni mimi. Tena aliyesoma majina ya wasiolipa ni mimi. Kati yao alikuwamo mama mmoja mjane, mwuza ndizi. Usiku wa Noeli hakuja kanisani. Nilipokwenda kumwamkia siku ya pili, aliniambia neno moja tu: «Mwalimu, nilifikiri Noeli ya mwaka huu ni ya wale waliolipa.»

Ndugu, neno hilo halijanitoka moyoni hata leo. Ndilo linalonifanya niandike.

Nasema hivi: mapambo ya Noeli tunayoyatengeneza kwa mikono yetu, kwa vitu tulivyo navyo, hata vile tulivyokwisha kuvitupa, yaifaa nyumba ya Mungu na yazifaa nyua zetu. Na mapambo yanayomfukuza maskini hayafai, hata yangemetameta kama jua. Najua wengine watanipinga, na maneno yao ni matatu. Tuyatazame moja moja.

Neno lao la kwanza ni hili: «Takataka ni aibu mbele ya Mungu. Mungu apewe kilicho bora.»

Neno hili lina heshima ndani yake, nami silidharau. Abeli alimtolea Mungu wanyama wazuri wa kundi lake, naye Mungu akapendezwa. Lakini ubora wa kitu ni nini? Je, ni bei yake? Someni Evanjili ya Mtakatifu Luka, sura ya pili. Bikira Maria alimviringisha Mwanawe katika nguo, akamlaza katika hori. Na hori ni nini, kama si chombo cha kulishia ng'ombe? Halikuchongwa kwa ajili ya mtoto, wala halikununuliwa kwa ajili ya sikukuu. Lilikuwa na kazi yake, likapewa kazi mpya, na katika kazi hiyo mpya lilimbeba Mwumba wa mbingu na dunia. Basi, anayeona haya kwa mkebe wa maziwa uliogeuzwa kuwa taa, na amwone haya kwanza Mtoto Yezu katika hori lake.

Tukumbuke pia habari za Greccio, kijiji cha Italia. Mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka kuiona kwa macho yake shida ya Mtoto wa Betlehemu. Alimwomba mtu mmoja wa nchi ile, jina lake Yohane, amtayarishie hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Hakuagiza sanamu za bei kubwa. Usiku wa Noeli watu wa vijiji vya karibu wakapanda na mishumaa na mienge yao, kila mtu kadiri alivyoweza. Misa ikasomwa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Evanjili. Hapo ndipo desturi ya pango la Noeli ilipopata nguvu ya kuenea ulimwenguni. Ilianza kwa nyasi na punda. Leo sisi twasema haiwezekani bila umeme!

Eklezya nayo imetufundisha. Konsili ya Pili ya Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturjia, iliwaambia maaskofu watafute uzuri wenye adabu kuliko fahari ya gharama. Na tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko alikwenda mwenyewe Greccio, akatia sahihi barua juu ya pango la Noeli. Humo alisifu mapango yanayotengenezwa majumbani, mashuleni, katika hospitali na katika magereza, kwa vitu vya kila namna. Mfungwa anayeunda pango gerezani atapata wapi vitu vya dukani? Hutumia alicho nacho, naye Baba Mtakatifu hakumwonea haya.

Lakini tusikilizane vizuri. Mkebe wenye kutu na harufu, uliookotwa mtaroni na kutundikwa hivyo hivyo, ni takataka, na aliyeutundika amefanya uvivu. Mkebe uliooshwa, ukasuguliwa kwa mchanga na majivu, ukatobolewa matundu kwa mpango, ni taa. Kinachotenga takataka na pambo si duka, bali kazi ya mikono na nia ya moyo.

Neno lao la pili: «Wageni watatucheka. Sisi tunataka maendeleo.»

Nawauliza ndugu hawa: ule mti wa plastiki, uliotiwa vumbi jeupe mfano wa theluji, ni mti gani? Ni msonobari wa nchi za baridi. Watu wa Ujerumani waliuingiza nyumbani wakati wa Noeli kwa sababu katika baridi kali, miti mingine imepukutika, wenyewe wabaki na ubichi. Ni ishara nzuri ya uzima usiokufa, nasi hatuwalaumu. Lakini fahamuni: wao walichukua mti uliomea karibu na mlango wao. Tukitaka kuwaiga kweli, na tuchukue unaomea karibu na mlango wetu. Tunayo migomba, tunayo michikichi, tunayo mianzi. Kumpokea Askofu twatengeneza tao la migomba na makuti njiani, wala hakuna anayecheka. Mbona kumpokea Bwana wa Askofu twaona haya?

Tena kuna jambo jingine, na ndugu wa Bukavu walijua kuliko mimi. Mto Ruzizi hutoka katika Ziwa Kivu, na bwawa lake la kwanza la umeme, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, liko pale karibu na mji. Mvua ikinyesha, chupa na mifuko tuliyoitupa vilimani huteremka kwa mitaro hadi ziwani, ziwa huyasukuma hayo yote mpaka mlangoni mwa mto, nayo huziba njia ya maji ya mitambo. Hapo umeme hukatika, watu wakakaa gizani. Haya basi, tazameni akili yetu: twachangisha wajane ili tununue taa za umeme, na huku twatupa chupa zinazouzima umeme wenyewe! Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki katika nchi yetu. Amri iliandikwa, mifuko haikuisha. Sheria peke yake haisafishi mtaro, mikono ya watu ndiyo isafishayo. Papa Fransisko katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015 alilaumu desturi ya kutupa, akaonyesha kwamba anayezoea kutupa vitu huzoea mwisho kutupa na watu. Mimi nimeliona hilo kwa macho yangu: mwaka ule tulitupa nyota ya watoto, na siku zile zile tukamtupa mama mjane.

Neno lao la tatu: «Hayo ni michezo ya watoto. Heri tusipambe kabisa, tusali tu.»

Hapana. Sala haikatazi furaha ionekane nje. Aliyepata mtoto nyumbani hufagia ua, majirani wakajua. Noeli ni habari ya kutangazwa, na wachungaji hawakuificha. Anayepita njiani usiku, awe Mkristu au asiwe, akiona taa uani, atauliza: kuna nini humu? Hilo ni fundisho kabla ya fundisho. Tena tusidharau michezo ya watoto. Watoto wetu wa Kongo, bila fundi wa kuwafundisha, huunda magari ya waya na mikebe yenye usukani wa kugeuka kweli. Mikono inayoweza hayo, hata nyota haiwezi kuishinda.

Basi, yafanyike namna gani? Nitaeleza kwa ufupi yale tuliyoyajaribu.

Nyota: chukueni fito tano za mianzi zilizo sawa kwa urefu, zipangeni zikingamane ziwe na ncha tano, mfunge kila mahali zinapokutana kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo haulegei kwa mvua. Juu yake pigilieni vipande vya bati au vya mikebe iliyopasuliwa, upande wa ndani unaong'aa ukitazama njia.

Taa: mkebe mtupu ukiutoboa hivi hivi utabonyea. Kwanza ujazeni mchanga uliolowa, mkaushindilie sana, ndipo mpige matundu kwa msumari, mkifuata alama mliyoichora: msalaba, nyota, au njiwa. Mwageni mchanga, bakizeni kidogo chini ili mshumaa usimame. Mabaki ya mishumaa yaweza kuyeyushwa pamoja yakawa mishumaa mipya.

Mataji ya maua: chupa nyingi za plastiki za limonadi zina kitako chenye tumba tano kama ua. Kateni vitako, mvitoboe katikati, mvitunge katika kamba. Vizibo vya chupa, vikitobolewa na kutungwa, hulia polepole upepo ukivuma. Na paa la pango liezekwe kwa majani makavu ya migomba.

Tena naonya. Msiweke mshumaa ndani ya chupa ya plastiki, wala msitundike taa karibu na makuti. Msichome plastiki iliyobaki, maana moshi wake ni sumu. Mawe ya redio yaliyokufa yasipasuliwe na watoto ili kupata rangi nyeusi. Makali ya bati yakunjwe kwa nyundo kabla mtoto hajayashika. Na sikukuu ikipita, mapambo yashushwe, yawekwe kwa mwaka ujao; yakirudi mtaroni, kazi yote imekuwa bure.

Lakini onyo kubwa ni hili: tusifanye hata mapambo haya kuwa mashindano ya mashirika, nani ana nyota kubwa kuliko mwenzake. Kiburi chaweza kukaa katika bati kama kinavyokaa katika dhahabu. Na wala tusidhani kwamba aliyetundika taa amekwisha kumtembelea mgonjwa au kumsamehe jirani.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa yule mama kabla ya Adventi, nikamwomba msamaha. Alinisamehe, lakini akaniambia kwamba senti hana bado. Nikamjibu: «Mama, mwaka huu hatuandiki senti.» Jumamosi alikuja na mzigo wa majani makavu ya migomba kichwani, akaliezeka pango mwenyewe, maana hakuna kati yetu aliyejua kuezeka kama yeye. Tukaitafuta nyota ya watoto katika ghala, tukainyosha ncha iliyopinda, tukaitundika tena mlangoni. Usiku wa Noeli umeme haukuwapo. Taa za mikebe ziliwaka mpaka mwisho wa Misa, na mama alikaa karibu na pango lake.

Basi, ndugu wa halmashauri za parokia, na ninyi walimu wenzangu, nawasihi: Adventi hii vifungeni vitabu vya majina. Anayeweza kutoa franka, atoe kwa siri, zisaidie wagonjwa na wakimbizi. Kwa mapambo, mmoja alete mkebe, mwingine misumari, mwingine mwanzi, na asiye na kitu alete mikono yake. Asiwepo mtu wa kusema tena kwamba Noeli ni ya wale waliolipa. Mtoto Yezu alikuja bure, na waliomwona kwanza walikuwa wachungaji, watu wasiokuwa na cha kuchanga.

Noeli njema kwenu ninyi nyote.

Katekista mmoja