Vita ya chipu za picha: Tumaini la mnunuzi wa Kariakoo liko kwenye chipu ndogo

MNUNUZI wa kompyuta anayezunguka maduka ya katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Feri hadi Kariakoo, huuliza bei na kumbukumbu ya kadi ya picha. Ni nadra kuuliza ukubwa wa chipu yenyewe, ingawa ndio unaobeba sehemu kubwa ya gharama.

Chipu hukatwa kutoka kwenye kisahani cha silikoni chenye kipenyo cha milimita 300. Kipande kikiwa kikubwa, kisahani hutoa vichache, na uwezekano wa kila kimoja kuwa na kasoro huongezeka.

Mwaka 2008 hesabu hiyo ilimnufaisha mnunuzi. Nvidia ilitoa GTX 280 yenye chipu ya milimita za mraba 576, kwa dola 649. AMD ikajibu kwa Radeon HD 4870, chipu ya milimita za mraba 256, kwa dola 299. Haikuwa na nguvu zaidi, lakini ilikaribia vya kutosha; katika wiki chache Nvidia ikashusha bei hadi dola 499.

Leo shinikizo hilo halipo kileleni. RTX 5090 ya mwaka 2025, yenye chipu ya milimita za mraba 750, ilitoka kwa dola 1,999. AMD, iliyotangaza mwaka 2024 kuwa kilele si kipaumbele chake, ilileta RX 9070 XT ya milimita za mraba 357 kwa dola 599.

Aidha, kampuni zote mbili hutegemea viwanda vya TSMC vya Taiwan, ambako pia hutengenezwa chipu za akili bandia. H100 ya Nvidia, yenye milimita za mraba 814, imeuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mwenye kisahani kimoja cha silikoni hahitaji kushauriwa amtengenezee nani kwanza.

Kwa mhariri wa video au mchoraji wa Kariakoo, ushindani wa kweli umebaki daraja la kati na la chini, ambako Intel nayo iliingiza Arc B580 ya dola 249 mwishoni mwa 2024. Vita vya panzi, wahenga walisema, ni neema kwa kunguru. Panzi mmoja akijiondoa uwanjani, kunguru ndiye atakayelala njaa.