Tusiwakaririshe Vijana Uthibitisho wa Hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaeleze walimu wenzangu wa hesabu jambo linalonikera, ambalo mimi mwenyewe nimelitenda kwa miaka mingi. Ni namna tunavyowafundisha vijana wa kidato cha tano na cha sita kuandika uthibitisho kwa njia ya indaksheni.

Kwa kawaida tunaandika ubaoni: onyesha kuwa ni kweli kwa 1, chukulia kuwa ni kweli kwa k, onyesha kuwa ni kweli kwa k + 1. Kisha huja sentensi ya kufungia, ambayo wanafunzi huikariri kama kiapo. Siku moja kijana alisimama akaniuliza, "Mwalimu, kama tumekwisha kukubali kuwa ni kweli kwa k, tunathibitisha nini tena?" Nilimwambia akae, afuate hatua. Swali lilikuwa la haki kabisa, nami sikuwa na jibu.

Jibu ni kwamba hatujakubali kitu. Tunasema "ikiwa". Tunachothibitisha ni kiungo tu. Chukua namba witiri: 1 + 3 ni 4, 1 + 3 + 5 ni 9. Twadai kuwa witiri k za kwanza zikijumlishwa hutoa k × k. Ikiwa ndivyo, ongeza witiri inayofuata, yaani 2k + 1, nawe utapata k² + 2k + 1, ambayo ni (k + 1) × (k + 1). Kiungo kimeshika. Ni kama watu waliojipanga kupokezana matofali: kila apokeaye humpa aliye mbele yake. Lakini asipokuwapo wa kutoa tofali la kwanza tanurini, mikono yote hubaki mitupu.

Ndiyo maana hatua ya kwanza si pambo. Mtu aweza kudai kuwa kila namba ni sawa na ile inayoifuata. Kiungo chake kitapita bila taabu, maana k ikiwa sawa na k + 1, ongeza 1 kila upande. Tofali la kwanza ndilo halipo, kwa kuwa 1 si sawa na 2.

Wengine husema, kwa nini tusijaribu namba kumi tu tukaridhika? Wajaribu n² + n + 41. Kuanzia 0 hadi 39 hutoa namba tasa tupu. Ifikapo 40 hutoa 1681, ambayo ni 41 × 41.

Kosa jingine ni letu sisi wasahihishaji. Kijana huandika mlinganyo wa k + 1 tangu mwanzo kana kwamba umekwisha kuthibitishwa, akapunguza pande zote mbili mpaka 0 = 0, nasi tukampa alama zote. Aanze na upande mmoja, atumie lile la k, afike upande wa pili.

Napendekeza kabla ya alama zozote mwanafunzi aandike kiungo kwa maneno ya Kiswahili, yenye "ikiwa" na "basi" ndani yake. Najua mtihani ni wa Kiingereza, lakini daftari la mazoezi si karatasi ya mtihani.

Yule kijana alikwisha kumaliza shule. Kama anasoma barua hii, jibu lake ndilo hilo, nami nimechelewa kumpa.

Mwalimu wa Hesabu,
Morogoro.