Majani haikufe, wanatuambia tutie mara mbili

Kila mufanyakazi wa mine anajua ile milima yenye miti inakataa kuota. Pale juu, mu bulongo yenye kujaa shaba, majani kama Haumaniastrum katangense inasimama bila shida, na watu waliifuata juu ya kutafuta madini. Shuka chini kidogo, mahali bulongo ni muzuri: majani ingine inaifunika. Kuvumilia sumu iko na bei yake.

Nasema hivi juu ya mashamba yetu ya mahindi. Mushahara haifike mwisho wa mwezi, basi wengi wetu tunalima ku barabara ya Kasenga, na jembe tumeiacha, tunapuliza dawa. Mwaka jana, kwangu, majani fulani ilibaki kijani kisha kupuliza. Muuzaji akaniambia: « Papa, tia mara mbili. » Nikatia. Feza ikaenda, majani ikabaki. (Pengine dawa yenyewe ilikuwa ya uongo, ku soko yetu hiyo pia iko.)

Mu mwaka 1968, mu jimbo la Washington kule Marekani, kitalu kimoja cha miti kilikuwa kimepuliza simazini na atrazini karibu miaka kumi. Jani moja, Senecio vulgaris, likaacha kufa. Dawa haikulifundisha ugumu. Mimea michache yenye tofauti iliponea, dawa ikaua wenzao, ikawaachia shamba. Tofauti yenyewe ni ndogo: mu ile sehemu ya jani yenye kushika nguvu ya jua, mahali dawa inajifungia pamebadilika, haipate tena pa kushika. Lakini ile kazi ya jua nayo inaenda polepole. Pasipo dawa, huyo mugumu anakua vibaya, anashindwa na ndugu zake wa kawaida. Njo maana mulimaji mwenye kupumzisha ile dawa na kurudilia jembe anasaidiwa na majani yenyewe, hata kama mbegu za yule mugumu zingali mu bulongo.

Lakini tusidanganyane, si kila jani linalipa. Mu Georgia, Marekani vilevile, Amaranthus palmeri, ndugu wa lengalenga yetu, alishinda glifosati kwa kuzidisha jeni moja, pengine zaidi ya mara mia, na wachunguzi hawakuona anapoteza kitu kikubwa. Huyo hata ukingojea haipunguke. Anangolewa kabla ya kumwanga mbegu.

Sheria ya madini ya 2018 inaagiza kampani kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake juu ya maendeleo ya vijiji. Wenye kukaa ku meza ya cahier des charges, musikubali bidoni za dawa ile ile kila mwaka, picha ikapigwa, gari ikaenda. Muombe majembe, mbegu ya kunde na soya ya kubadilisha na mahindi, na agronome mwenye kutembea mu mashamba mwezi wa kumi na mbili, wakati mahindi ingali chini, hapana wakati wa mavuno.