Karma si neno la kumtupia aliyeanguka

Vijana wenzangu, siku hizi hapa Dzaleka kila mtu amekuwa mwalimu wa karma. Kesi ya mtu ya kwenda nchi ya tatu ikikataliwa, utaona kwenye statasi ya WhatsApp: "Karma hiyo!" Mwaka 2023 serikali iliposema wakimbizi wote warudi kambini, wenzetu waliokuwa na maduka mjini wakapoteza mali. Hata hapo kuna waliosema ni karma, eti walikuwa wanajidai.

Mimi nakataa. Tuanze na neno lenyewe.

Karma inatoka kwenye dini ya Wahindu. Tusichanganye: Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mwenye dini hiyo. Wahindi wa madukani kule Lilongwe, wengi ni Waislamu. Maana ya karma ni tendo. Wahindu wanaamini kila tendo lina matunda yake, katika maisha haya au yajayo, kwa sababu roho huzaliwa tena na tena mpaka ikombolewe. Inaenda pamoja na dharma, yaani wajibu wako. Ni fundisho la kukufanya uchunge mikono yako mwenyewe.

Lakini tuseme ukweli, hata India neno hili limetumika vibaya. Watu waligawanywa kwa matabaka ya kuzaliwa: makuhani juu, halafu watawala na askari, wafanyabiashara, watumishi. Chini kabisa Wadalit, waliokatazwa hata kuchota maji kwenye kisima cha wengine. Wakilalamika wanaambiwa: ulikosea maisha yaliyopita, vumilia tu.

B. R. Ambedkar alizaliwa Mdalit mwaka 1891. Alisoma sana, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Katiba hiyo ya 1950 ikapiga marufuku kumtenga mtu kama najisi. Mwaka 1956 akaacha Uhindu, akaingia Ubudha. Gandhi yeye alibaki Mhindu, na bado alipinga kutengwa kwa watu hao. Ubaguzi haujaisha, ila leo anayeonewa ana sheria ya kushika.

Sisi hadithi hii tunaijua. Wengi tulikimbia kwa sababu ya kabila tulilozaliwa nalo. Na kambi hii ilifunguliwa 1994: kuna mtu amezaliwa hapa, amesoma hapa, sasa ana mtoto hapa, na yeye na mtoto wake bado wanaitwa wakimbizi. Huyo mtoto alifanya kosa gani?

Ndugu zetu wa mashirika, na ninyi pia. Mtu akileta shida yake, msimwambie kila jambo lina sababu yake. Mwambieni kesi yake imefika wapi.

Na wewe kijana mwenye kupenda karma, anza na ya kwako. Jirani yako amekataliwa kesi, yuko ndani hatoki. Futa hiyo statasi, nenda ukamgongee mlango.