Faru wa Tsavo na ubingwa unaochelewa kuitwa

MKAZI wa Mji wa Kale, Mombasa, hutambua kwa ulimi maji ya kisima cha chumvi, akanunua ya mkokoteni. Faru weusi 11 waliohamishiwa Tsavo Mashariki mwaka 2018 hawakuwa na hiari hiyo. Walikunywa maji ya chumvi, wakazidi kuona kiu, wakayarudia. Kumi walikufa; wa 11 akashambuliwa na simba.

Waziri wa Utalii alikuwa Najib Balala, aliyepata kuwa meya wa mji huu. Uchunguzi huru, chini ya Profesa Peter Gathumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulianza mizoga ikiwa chini.

Ubingwa wa patholojia ya wanyamapori hudai miaka ya kupasua mizoga baada ya shahada. Mwenye ujuzi huo aitwe maji yanapopimwa, lori halijapakiwa.