Baiskeli kisogoni, trela mkiani: Sheria inasemaje?

UKISIMAMA pale Chaka au Narumoru asubuhi ya Jumamosi na kuyatazama magari yanayopanda kuelekea Nanyuki, hukosi kuona gari dogo lililoning'inizwa baiskeli mbili au tatu kisogoni. Mara nyingine nyuma ya baiskeli hizo huwa kuna trela iliyosheheni mahema, tangi la maji au magunia ya viazi. Baiskeli zimefunika taa. Kibao cha nambari ya usajili hakionekani. Anayefuata nyuma hajui dereva anapofunga breki wala anapokusudia kukata kona.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tujishughulishe na baiskeli ilhali matatu na malori ndiyo yanayotumaliza. Jibu ni kwamba mambo yamebadilika katika miji hii inayouzunguka Mlima Kenya. Uendeshaji baiskeli kwa burudani umeshika mizizi. Nanyuki, kwa mfano, imejulikana kwa miaka mingi kwa mashindano ya 10to4, ambayo shirika la Mount Kenya Trust huyatumia kuchangisha fedha za kuhifadhi msitu. Aidha, barabara yenyewe si ile ya zamani. Mradi wa kupanua barabara ya Kenol–Sagana–Marua, yenye urefu wa kilomita 84, umewapa madereva njia pana na kishawishi cha kwenda kasi. Mzigo ambao zamani ulisafirishwa polepole, sasa unakimbizwa.

Takwimu nazo hazituruhusu kulipuuza jambo lolote. Kulingana na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), watu 4,324 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka wa 2023. Mwaka uliofuata, 2024, idadi hiyo ilipanda hadi 4,748.

Je, sheria yasemaje? Atakayeipekua Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, akitafuta kifungu kinachotaja keria ya baiskeli, atachoka bure. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kisichotajwa kimeruhusiwa. Kifungu cha 55 kinataka gari na vifaa vyake vyote, zikiwemo taa na magurudumu, viwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala abiria waliomo. Kifungu cha 56 kinakataza gari kubeba uzito unaozidi ule uliowekwa na mtengenezaji, au ule ulioamuliwa na mkaguzi. Kinakataza pia kupakia mzigo kwa namna inayohatarisha watu.

Kifungu hicho hicho cha 56 kina makali ambayo madereva wengi hawayajui. Mzigo, au hata sehemu yake, ukianguka barabarani, kuanguka kwenyewe ni ushahidi wa awali kwamba gari lilipakiwa vibaya. Ni juu ya mshtakiwa kuiridhisha mahakama kwamba haikuwa hivyo. Kwa hivyo, baiskeli ikichomoka karibu na Kiganjo na kumwangukia mwendeshaji bodaboda, haitoshi mwenye gari kusema kwamba kamba ilikuwa mpya.

Kuhusu kibao cha nambari, kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 ziliweka faini ya Sh10,000 kwa gari lisilo na kibao, au ambalo kibao chake hakikuwekwa kwa namna iliyoagizwa. Swali ambalo kanuni hizo hazikulijibu waziwazi ni hili: vipi kibao kilichowekwa sawasawa na kwa mujibu wa sheria, kisha kikafunikwa na gurudumu la baiskeli?

Hapo ndipo penye mwanya. Kwa kuwa hakuna kanuni mahususi, uamuzi unabaki mikononi mwa afisa aliye kwenye kizuizi. Mmoja atalipungia mkono gari lipite. Mwingine, kilomita 20 mbele, atalisimamisha na kuanza kuhesabu makosa. Sheria isiyotabirika haimlindi mwananchi wala haimsaidii polisi mwaminifu. Humnufaisha tu yule anayetafuta 'chai'.

Wenzetu wa ng'ambo walikwisha kulitatua suala hili. Nchini Ujerumani, keria inapofunika kibao cha gari, mwenye gari huruhusiwa kuweka kibao cha ziada chenye nambari ile ile juu ya keria. Nchini Uingereza, kuendesha gari ambalo nambari yake imefichika ni kosa linaloweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na waendeshaji baiskeli hufunga nyuma ya keria ubao wenye nambari na taa. Vilevile, trela inayovutwa na gari dogo huko hubeba nambari ya gari linaloivuta.

Hapa kwetu, njia hizo haziwezi kuigwa kibubusa. Trela ya Kenya husajiliwa peke yake, na ndiyo maana nambari zake huanza kwa herufi Z. Vibao vya nambari navyo hutengenezwa katika gereza la Kamiti, na tangu mwaka wa 2022 serikali imekuwa ikitoa vibao vya kizazi kipya vyenye alama za kiusalama ili kuwazima walaghai. Dereva anayemwendea fundi wa mtaani amchoree kibao cha tatu anajitafutia kesi kubwa kuliko ile anayoikimbia. Amebanwa pande zote mbili: akifunika nambari yuko matatani, akijitengenezea nyingine yuko matatani zaidi.

Lakini nambari ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayoua, ni uzito.

Ndoano ya kuvutia trela ina kiwango cha uzito inachoweza kuhimili ukiishinikiza kutoka juu kwenda chini. Kwa magari mengi madogo, kiwango hicho ni kati ya kilo 50 na 100. Chukua ndoano ya kilo 75. Trela iliyopakiwa vyema huiegemea ndoano kwa takriban asilimia tano hadi 10 ya uzito wake. Trela ya kilo 700, basi, itaiegemea kwa kilo 35 hadi 70. Sasa funga kwenye ndoano hiyo hiyo keria ya kilo 15 na baiskeli tatu za kilo 15 kila moja. Umeongeza kilo 60. Hata ukichukua kipimo cha chini kabisa cha trela, jumla ni kilo 95. Kiwango kimepitwa, na gari halijatoka hata langoni.

Matokeo yake si lazima ndoano ikatike. Mkia wa gari unapolemewa, pua huinuka. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza na yanayobeba kazi kubwa ya kufunga breki, huishika lami kwa ulegevu. Taa za mbele nazo humulika juu na kumpofusha anayekuja. Gari likikata kona kali, trela hujipinda na kuzigonga baiskeli zilizo kati yake na gari. Isitoshe, ndoano nyingi zinazotumika katika miji yetu zimechomelewa na mafundi wa jua kali, wala hazina maandishi yoyote yanayoonyesha kiwango chake. Simlaumu fundi; hakuna aliyemwambia kiwango hicho ni kipi.

Mteremko nao hausamehe. Anayezifahamu barabara za pembe hizi, kuanzia Karatina kushuka hadi Sagana na kutoka Embu kwenda Meru, anajua jinsi trela isiyo na breki zake inavyolisukuma gari linaloivuta. Katika nchi za Ulaya, trela ya aina hiyo hairuhusiwi kuzidi kilo 750. Msiba wa daraja la Nithi wa Julai 2022, ambapo basi lilitumbukia bondeni na kuua zaidi ya watu 30, haukuhusu trela wala baiskeli. Ulitukumbusha tu kwamba uzito ukishapata kasi kwenye mteremko, dereva hana tena la kuamua.

Baadhi ya wasomaji watatarajia mizani za barabarani ziikomeshe hatari hii. Haziwezi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka wa 2016, inalenga magari yenye uzito wa tani tatu unusu na zaidi. Gari dogo na trela yake hupita kando ya mizani bila kuulizwa.

Mimi ni mhariri, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuzipokea na kuzinyoosha taarifa za ajali kutoka mashinani. Nyingi huja na sentensi ile ile: dereva alishindwa kulidhibiti gari lake. Nimeipitisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nakiri kwamba haimfundishi mtu yeyote lolote. Kwa nini alishindwa? Alikuwa amebeba nini, wapi, na kwa kamba gani? Aghalabu hatuulizi, na kwa kutouliza tunaiachia methali ya 'ajali haina kinga' ifanye kazi ya uchunguzi.

Yapo mambo ambayo NTSA inaweza kuyafanya bila kusubiri sheria mpya Bungeni. Kwanza, itoe mwongozo mfupi, kwa Kiswahili na Kiingereza, kuhusu mizigo inayofungwa nyuma ya magari madogo. Pili, iweke utaratibu halali wa kuomba kibao cha ziada cha keria kutoka huko huko vinakotengenezwa vingine. Tatu, ndoano na taa za trela zichunguzwe katika ukaguzi wa magari, na kiwango cha uzito kiandikwe kwenye ndoano. Nne, mwongozo huo ufundishwe katika chuo cha polisi cha Kiganjo, ambacho kiko papo hapo kando ya barabara tunayoizungumzia.

Kabla ya hayo kutimia, mwenye gari ana wajibu wake. Ikiwa anavuta trela, baiskeli azifunge juu ya paa au ndani ya trela, wala asizitundike kati ya viwili hivyo. Mzigo mzito akae nao karibu na ekseli ya trela. Ahakikishe taa za nyuma, za breki na za kugeuka zinaonekana kwenye chombo kilicho mwisho kabisa, pamoja na nambari yake. Baada ya kilomita chache asimame, akaze kamba upya. Kwenye mteremko atumie gia ndogo tangu juu, badala ya kuzichosha breki. Na aulize kampuni yake ya bima, kwa maandishi, iwapo trela na kilichomo vimo katika mkataba.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Barabarani methali hiyo hugeuka. Mzigo wa mwenzio ukishakatika kamba, hauulizi mwenyewe ni nani. Humwangukia yule aliye nyuma. Aghalabu huyo ni mwendeshaji bodaboda, mama anayewahi soko la Karatina, au mtoto anayevuka kwenda shuleni. Hao hawakuipanga safari hiyo. Ni haki yao kufika salama.